Ruzuku imefutwa, Ufaransa wananiita, na mume wangu bado hajui

Somo, shikamoo.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, nina miaka 41. Naishi Ohio, Marekani, na mume wangu na watoto wetu wawili, mmoja wa miaka 11 na mwingine 6. Ni mtafiti wa afya ya jamii katika chuo kikuu. Kwa miaka minne nimekuwa nikiwafuata akina mama wakimbizi wanaosema Kiswahili, wengi wao Wakongo na Warundi, nikitazama wanavyohudumiwa wanapokwenda kujifungua. Hapa Marekani mwaka 2023, kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, walikufa akina mama weusi 50.3 na weupe 14.5. Lakini hesabu hiyo haikuambii ni nani kati ya hao weusi aliyekuwa akilia kwa Kiswahili na nani hakuelewa anachosema.

Nikupe kisa kimoja. Mama mmoja wa Uvira, nimwite Mama Furaha maana jina hilo si lake, alikuwa kitandani, uchungu umemshika, daktari akampigia mkalimani kwa simu. Mama akasema, “Miye sitaki sezarieni.” Mkalimani, nadhani alikuwa mtu wa pwani kama mimi, akauliza, “Sezarieni ndiyo nani? Ni ndugu yako?” Kwao Kongo sezarieni ni kupasuliwa wakati wa kuzaa, neno walilolitoa kwenye Kifaransa. Faili likaandikwa kwamba mgonjwa hataki kuonana na ndugu yake fulani. Saa mbili baadaye akapasuliwa, na hakuna aliyemwuliza tena.

Hiyo ndiyo kazi yangu. Machi 2025 ikaja barua pepe ya mistari michache kutoka NIH, taasisi za afya za serikali ya Marekani zilizotufadhili: ruzuku imesitishwa, mradi hauendani tena na vipaumbele vya taasisi. Nadhani walitafuta tu maneno “usawa” na “wahamiaji” wakayakuta kwenye kichwa cha mradi. Nilikuwa na wasaidizi watatu, wawili ni wakimbizi wenyewe. Niliwaaga siku moja. Mimi chuo kimenibeba kwa fedha za kuziba pengo, zinakwisha Juni 2026.

Basi kuna chuo kimoja Ufaransa kimefungua feloshipu kwa watafiti walioko Marekani ambao kazi yao imetishiwa. Miaka mitatu, mshahara, na fedha za utafiti. Niliandika maombi usiku, mume wangu akiwa shifti. Nilijiambia ni kujaribu tu. Nimepata. Wanataka nifike Machi 2026 na jibu wanalitaka mwisho wa mwezi huu.

Mume wangu hajui hata kwamba niliomba. Somo, mtu huyu alibeba maboksi kwenye ghala miaka sita ili mimi nisome udaktari wa falsafa. Baadaye akalea wazee, akasoma uuguzi, akafaulu mtihani wa leseni, na sasa ni muuguzi wa hospitali. Siku alipopata kazi aliniambia, “Safari hii ni zamu yangu kutulia.” Naanzaje kumwambia tufunge mizigo?

Halafu makaratasi. Sote tulipata grinikadi Oktoba 2021. Tumebakiza kidogo tuombe uraia.

Na kuna aibu moja siwezi kumwambia mtu. Fomu iliniuliza nieleze “tishio” linalonikabili. Nikaandika kurasa mbili. Nilipomaliza nikamkumbuka Mama Furaha, aliyevuka ziwa usiku na kukaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka tisa kabla ya kuletwa huku. Huyo ndiye aliyetishiwa. Mimi nimetishiwa na nini, barua pepe?

Mamangu anasema nirudi nyumbani, Kilifi kuna watafiti wengi. Na kinasa sauti chenye sauti za akina mama 31 kimo kwenye droo ya jikoni, chini ya vitambaa vya meza, kwa sababu naogopa kukirudisha ofisini wakaja kukifuta. Nifanyeje?

Mama wa Wawili, Ohio

Marahaba, mwanangu.

Mwambie leo. Usingoje Ijumaa, wala usingoje mpaka “upate picha kamili”. Ukimpelekea barua ya kukubaliwa na tarehe ya kuondoka, utakuwa umempa taarifa, na mtu aliyebeba maboksi miaka sita anastahili kuombwa shauri. Mwoneshe na yale maombi uliyoandika usiku. Atakasirika. Mwache akasirike. Ila usimpambie mambo kwa kumwambia kwamba Ufaransa naye atapata kazi tu, maana hapo utakuwa umeongeza uwongo juu ya siri.

Ukweli ni huu. Kwa sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2016 kuhusu watafiti kutoka nje, mwenzi wa mtafiti anaruhusiwa kufanya kazi. Ruhusa hiyo ataipata. Leseni yake ya uuguzi ndiyo haivuki bahari. Shahada iliyotoka nje ya Umoja haitambuliwi hivi hivi, na hakuna wodi itakayompa mgonjwa kabla hajakijua Kifaransa vizuri. Kwa mwaka mmoja, pengine miwili, mumeo atarudi kwenye maboksi. Safari hii akiwa na miaka arobaini na kitu, mgongo wake si ule wa zamani. Mweleze hivyo hivyo, kwa maneno hayo hayo, kisha umsikilize.

Sasa tarehe. Nilikaa miaka 22 kwenye ofisi ya utafiti ya chuo kimoja huku nyumbani, kazi yangu ikiwa kusoma mikataba ya wanaoondoka na wanaorudi, na nimejifunza kwamba wasomi husoma ukurasa wa fedha mara tatu na ukurasa wa tarehe hawausomi kabisa. Mimi si mwanasheria, na wewe unamhitaji mmoja, wa uhamiaji, kabla ya kutia sahihi chochote. Lakini hesabu yako naiona hata nikiwa huku.

Grinikadi yako ni ya Oktoba 2021, kwa hiyo miaka 5 inatimia Oktoba 2026. Ombi la uraia hupokelewa kuanzia siku 90 kabla ya hapo, yaani Julai. Wao wanakutaka Machi. Ukitoka Marekani ukakaa nje zaidi ya miezi 6 mfululizo, watahesabu kwamba umeukatiza ukaazi wako mpaka wewe uthibitishe kinyume chake. Ukitimiza mwaka, umekatika. Watu watakwambia, “Chukua kibali cha kurudi, utakuwa salama.” Kibali kipo, huombwa kwa fomu I-131 ukiwa bado ndani ya nchi, na kinailinda kadi yako hadi miaka 2. Hesabu ya uraia hakiilindi. Nimeona watu wazima wakilia kwa kuchanganya hayo mawili. Tena kupeleka ombi si kula kiapo: kati ya Julai na siku ya kiapo unatakiwa uwe bado unaishi huko kweli, na afisa atakuuliza nyumba yako iko wapi na watoto wanasoma wapi. Kwa Mkenya uraia huo haukugharimu ule wa nyumbani, Katiba ya 2010 inakuruhusu yote mawili. Kwa hiyo sioni sababu ya kuutupa kwa tofauti ya miezi michache.

Waandikie Wafaransa uombe kuugawa mwanzo. Uende wiki kadhaa wakati wa kuchipua kama mtafiti mgeni, ukutane na watu na kuweka msingi, urudi, Julai mpeleke maombi nyote wawili, na mkataba wenyewe uanze baada ya kiapo, au angalau Septemba mwaka wao wa masomo unapofunguka, kama mwanasheria ataona panapitika. Mumeo na watoto wabaki kwenye nyumba yenu muda huo. Usione haya kuomba. Chuo kilichokuchagua wewe kati ya wengi kimekwisha kufanya kazi ngumu, na hakitaki kuirudia.

Wasomi wengi mnakwenda kwenye mazungumzo haya kama watu wanaopewa sadaka. Sivyo. Chuo kikuu cha Aix-Marseille kilipofungua mpango wake wa kuwapokea watafiti wa Marekani Machi 2025 kilitenga euro milioni 15, na maombi yakaja kwa mamia. Chuo kikuu cha VUB cha Brussels kikatangaza nafasi 12. Tarehe 5 Mei mwaka huo huo Umoja wa Ulaya ukatangaza pale chuo kikuu cha Sorbonne, Paris, euro milioni 500 kwa miaka 2025 hadi 2027 za kuvuta wanasayansi. Siwalaumu, hata mimi ningefanya hivyo. Lakini anayekuja sokoni asubuhi na kikapu kikubwa hakuja kutoa zaka. Amekuja kununua, na wewe una haki ya kutaja bei. Bei yako ni tarehe, na swali moja la kuandikiwa jibu: baada ya miaka mitatu kuna nini? Kama jibu ni “tutaona”, basi umelipata jibu. Mshahara wa mtafiti wa Ufaransa ni mdogo kuliko wa Marekani, hilo lijue mapema, ingawa shule ya watoto haitakugharimu kitu na daktari hatakufilisi.

Kuna jambo hukulitaja kabisa, nami ndilo lililonikosesha usingizi kwa ajili yako. Umetoka kwenye nchi inayokufutia ruzuku kwa sababu ya neno, unakwenda kwenye nchi ambayo safu yenyewe haimo kwenye fomu. Ufaransa haihesabu watu kwa rangi. Baraza lao la Katiba liliamua tarehe 15 Novemba 2007 kwamba takwimu haziwezi kujengwa juu ya asili ya kikabila au rangi ya mtu. Wanauliza ulizaliwa nchi gani, uraia wako, wazazi wako walizaliwa wapi. Yale mahesabu yako ya 50.3 na 14.5 huko huwezi kuyafanya. Wao wanaona huo ndio usawa wenyewe: mbele ya Jamhuri hakuna mweusi wala mweupe. Wewe utaona kitu kingine ukikaa wodini. Watafiti wao wenyewe wanajua kwamba wanawake waliozaliwa Afrika kusini mwa Sahara hufa kwa uzazi zaidi kuliko waliozaliwa Ufaransa, na wamelijua kwa kupitia mlango wa nchi ya kuzaliwa. Kwa hiyo inawezekana. Ila mradi utauandika upya, na miezi sita ya mwanzo itakwenda kwa kujifunza kuuliza swali lile lile kwa namna inayoruhusiwa. Usipolijua hilo kabla, utajiona umehama jela moja kwenda nyingine, na haitakuwa kweli.

Na mimi, kama ningekuwa wewe, ningejua pa kuanzia. Marseille imejaa Wakomoro. Kisiwa cha Mayotte, ambacho tangu 2011 ni mkoa kamili wa Ufaransa, kina hospitali pale Mamoudzou ambayo wodi yake ya uzazi ni miongoni mwa zenye shughuli nyingi kuliko zote za nchi hiyo, na wengi wanaozaa hapo ni akina mama waliovuka kutoka visiwa jirani. Kishimaore na Kingazija si Kiswahili, lakini mtoto wa Mombasa akitega sikio hapotei sana. Huko neno sezarieni litaeleweka na kila daktari. Litapotea neno jingine, na sijui nani mwingine katika orodha yao ya waombaji angeweza kulisikia likipotea. Hilo liandike kwenye barua ya kuomba tarehe.

Kuhusu mamako. Kituo cha utafiti cha Kilifi kipo tangu 1989, na msingi wa fedha zake ni mfuko wa Wellcome wa Uingereza, kwa hiyo hakikupigwa sawasawa na waliokuwa wakitegemea USAID. Waandikie, uwe na mwenzako huko, hasa kama utafanya kazi na watu wa visiwani. Lakini usidhani nyumbani hakukutikisika. Ule mpango wa USAID wa kupima afya ya familia, DHS, ulioanza 1984, ambao hata takwimu zetu za Kenya za 2022 zilitoka humo, ulisimamishwa Februari 2025, na vijana waliokuwa wakipita mlango kwa mlango na vishikwambi vyao wakabaki barazani.

Na kubaki Ohio kungojea mahakama? Jaji William Young wa Boston alisema Juni 2025 kwamba ufutaji wa ruzuku zile haukuwa halali, na watu wengine wakarudishiwa. Agosti 21 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 5 kwa 4, ikasema kesi za fedha ziende mahakama nyingine. Ohio haikuwa kati ya majimbo yaliyoshitaki. Lakini chama cha wataalamu wa afya ya jamii, American Public Health Association, kilikuwemo, na kama wewe ni mwanachama wake, nenda ofisi ya ruzuku kesho uulize kama mradi wako ulikuwa kwenye orodha. Ukiwa umo, zungumza. Kama haumo, Juni si mbali.

Tuje kwenye aibu yako. Iko sehemu ina haki na sehemu haina. Kuna mitandao na mifuko ya kuwaokoa wasomi walio hatarini kweli: Scholars at Risk tangu 1999, Scholar Rescue Fund tangu 2002, na ule wa Wajerumani uliopewa jina la Philipp Schwartz, daktari aliyefukuzwa Frankfurt 1933 akafika Istanbul akawavutia huko wenzake kwa makumi. Viti vya mifuko hiyo leo wanavigombea watu wa Sudan, Afghanistan, Gaza. Hapo usiguse, na kama kuna mtu anakushauri uombe huko kwa sababu “nafasi ni nafasi”, mwambie hapana. Lakini feloshipu uliyoipata haikutengwa kwa ajili ya Mama Furaha. Imetengwa kwa mtu ambaye kazi yake imezimwa, na yako imezimwa. François Hollande aliwahi hata kupeleka muswada Bungeni, Aprili 2025, wa kuwapa watu kama nyinyi hadhi ya “mkimbizi wa kisayansi”. Neno hilo mimi silipendi, na nadhani hata wewe hulipendi, kwa sababu hiyo hiyo. Wewe ni mtafiti aliyehama kazi. Mwana wa Mombasa mwenzako, mshairi Abdilatif Abdalla, alipotoka gerezani 1972 hakubaki Kenya. Alikwenda Dar es Salaam, akafanya kazi kwenye Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Alikuwa ametishiwa kweli, miaka mitatu ya kifungo, na hata yeye alichokwenda kufanya huko kilikuwa kazi.

Zile kurasa mbili za “tishio” zisome tena. Ukikuta umeandika kwamba maisha yako yako hatarini, waandikie urekebishe. Ukikuta umeandika kwamba utafiti umefungwa na wasaidizi wamefukuzwa, ziache zilivyo.

La mwisho ni droo ya jikoni, na hapa nakukaripia. Sauti zile si zako. Mkataba wa ruzuku ulikipa chuo ulinzi wa data, na akina mama walitia sahihi karatasi inayosema zitahifadhiwa wapi. Hazikutajwa droo wala vitambaa vya meza. Wengine kati ya hao 31 huenda makaratasi yao hayajakaa sawa, na nyumba yako ikivunjwa na mwizi wa kawaida tu, umewauza bila kukusudia. Nawe unazo silaha ambazo nadhani umezisahau kwa hofu. Utafiti wa watu uliolipiwa na taasisi zile za afya hupewa Hati ya Usiri, tangu 2017 moja kwa moja bila kuombwa, inayomzuia mtafiti kulazimishwa kutoa majina hata mahakamani. Ruzuku ikifutwa, yaliyokusanywa wakati hati inafanya kazi yanabaki chini ya hati. Nenda kwenye kamati ya maadili ya chuo, omba kwa maandishi data ihifadhiwe kwa muda wote ulioahidiwa, na uombe makubaliano rasmi ya kukuruhusu uichambue ukiwa Ufaransa, majina yakiwa yameondolewa. Makubaliano hayo huchukua miezi. Ni sababu nyingine ya kutokwenda Machi.

Kwa hiyo leo jioni mumeo, kabla hajavaa nguo za shifti. Wiki hii mwanasheria na barua ya Ufaransa. Na kile kinasa sauti kitoe kwenye droo Jumatatu asubuhi, ukipeleke mwenyewe kwa mkono, na usiondoke mpaka upewe risiti.

Somo